Domeini ya biashara yako: kabla ulipie, mpigie mama simu

Dada yangu anauza samaki. Si wale wa kukaanga pale ufuoni Lwang'ni, Kisumu, yeye ananunua mbuta na omena kutoka ng'ambo ya ziwa, upande wa Mbita na Mfangano, anakausha, anapakia, anatuma Nairobi na Eldoret kwa basi. Miaka yote hiyo biashara imekua ya WhatsApp na simu tu na imemsomeshea watoto. Juzi hoteli moja ikamwambia alete kotesheni kwa imeili ya kampuni, si hii ya Gmail yenye jina lake na mwaka wa kuzaliwa. Alikasirika! Jioni akaja kwa saiba yangu ya intaneti Kondele, akavuta kiti, akaniambia, "Nifungulie domeini. Jina nishapata. Ng'ambo Fresh." (Domeini ni ile anwani ya mtandaoni, kama jina.co.ke, inayokaa pia baada ya @ kwa imeili ya kampuni.)

Nikamwambia dada, jina ni tamu, lakini hebu tulipime kwanza. Mi huwa na mtihani mmoja, sijausomea mahali, nimeuokota tu kwa kuona wateja wa watu wakipotea. Unampigia mtu simu, unamtajia jina mara moja, humtajii herufi, alafu unamwambia aandike vile amesikia akutumie. Tukaanza na mama kule Siaya. Mama akatuma "ngambofres". Nikatoka nje nikamwambia kijana wa boda anayepaki hapo mlangoni, huyo akaandika "nambofresh". Binamu yetu aliyeolewa Kakamega akaandika "gambo fresh" na nafasi katikati. Na kuna mteja wake wa Nakuru, mzee mmoja mkarimu sana, yeye akaandika "flesh", na ukijua Kizungu kidogo utaelewa kwa nini dada alicheka mpaka akalia.

Watu wanne, majina manne, na wote wanampenda. Sasa fikiria mtu asiyemjua, amesikia tangazo redioni akiwa ndani ya matatu, muziki uko juu na kondakta anagonga bodi.

Shida ya kwanza ya hilo jina ni ile alama ya juu kwenye ng'. Ndani ya domeini zinaruhusiwa herufi za kawaida a mpaka z, tarakimu, na kistari, basi, na kistari chenyewe hakiwezi kuanza wala kumaliza jina. Herufi kubwa na ndogo ni sawa tu. (Kuna njia ya kusajili herufi za lugha zingine kama Kiarabu au Kichina, lakini ile alama yetu ya juu ata huko haimo.) Kwa hivyo Ng'ambo lazima iandikwe ngambo, na mtu akiisoma kwa bango anaisoma kama ngamia. Sisi wenye lugha zilizojaa ng' ndo tunaumia hapa, ng'ombe inakua ngombe, Lwang'ni inakua lwangni, na yule aliyezoea kuandika vizuri anaweka ile alama, simu inamletea makosa, anadhani umefunga duka.

Shida ya pili ni masikio yetu, na hapa tusidanganyane. Kijaluo hakina sh wala z, kwa hivyo mama zetu wengi wakisikia shamba wanaandika samba, zawadi inakua sawadi. Ukienda Bungoma na Kakamega kuna wazee ambao b na p, d na t, g na k zinabadilishana viti. Ukifika Nakuru r na l zinapigania nafasi. Sisemi hivi kucheka mtu, mi mwenyewe nikichoka sh yangu inapotea. Nasema tu kama unauzia watu wa huku, chagua jina ambalo herufi zake haziko kwenye hiyo vita. Kiswahili kinatusaidia sana manake kinaandikwa vile kinasikika, tofauti na Kizungu ambapo ukisema "quick" mtu hajui kama ni q, ni k, ama ni ile ya vijana ya kuandika kwik. Jina la Kiswahili safi la silabi tatu nne, konsonanti vokali konsonanti vokali, linapita kwa simu mbovu bila kuumia.

Vijana wanapenda kubandika 254 mwishoni, ama kuweka z, ama 4 badala ya "for". Kwa Instagram ni sawa. Kwa domeini kila siku utakua unaeleza "tu faif foo, hapana, kwa namba, hapana, zote pamoja". Kistari nacho, kinaruhusiwa ndio, lakini mwambie mtu "samaki dash bora" uone wangapi wataweka ule mstari wa chini, ambao haukubaliki kabisa.

Alafu kuna hii ya kuunganisha maneno, manake domeini haina nafasi. Jina linaweza kua zuri kwa karatasi, ukiondoa nafasi linageuka. Kuna jamaa alikuja akitaka domeini ya kuuza kuku na nyama. Nikamwandikia kwa karatasi: kukunyama. Nikamwambia isome polepole. Alisoma mara mbili akanipokonya kalamu akalikata mwenyewe. Mwingine, mama wa sabuni na mafuta ya mwarobaini, alitaka bidhaa asili. Andika uone: bidhaaasili. A ngapi hizo? Tatu. Ni mteja gani ataweka tatu? Kanuni yangu ni kwamba pale neno moja linaishia na lingine linaanza kusikutane herufi ileile, na uliandike kwa herufi ndogo bila nafasi umpe mtoto wa darasa la tano asome kwa sauti. Watoto hawana huruma.

Sasa tuulize, hii domeini yenyewe ni nini, juu watu wengi wanakuja kwangu wakidhani domeini, websaiti, hostingi na imeili ni kitu kimoja kinauzwa kwa mfuko mmoja. Chukua mfano wa sanduku la posta. Sanduku si nyumba yako. Leo unaishi Manyatta, kesho umehamia Mamboleo, barua zinakuja palepale. Sanduku halikuwa lako kabisa, unalipia kila mwaka, na ukiacha kulipa siku moja utapata kufuli imebadilishwa. Domeini ndo hilo sanduku. Hostingi ni nyumba, yaani kompyuta ya mtu fulani inayokaa imewashwa usiku na mchana ikihifadhi kurasa zako. Websaiti ni vitu vilivyo ndani ya nyumba. Unaweza kua na sanduku bila nyumba, na kwa biashara kama ya dada yangu ndo nilimshauri aanze hivo, achukue domeini na imeili tu, websaiti itakuja pesa ikikua.

Namna inavyofanya kazi si uchawi. Kompyuta zinaitana kwa namba, na hebu jaribu wewe kukumbuka namba. Zamani, kabla ya 1983, kulikua na faili moja Marekani yenye majina ya kompyuta zote za mtandao na kila mtu ananakili, mtandao ukakua faili ikashindwa, ndo Paul Mockapetris akabuni huu mfumo tunaotumia mpaka sai. Simu yako ikipewa jina, jina linafuatwa kutoka kulia kwenda kushoto. Kwanza inaulizwa .ke, yaani zile herufi za mwisho za Kenya, iko wapi, hao wa .ke wanaelekeza kwa seva, yaani kompyuta zinazojua habari za domeini yako, na hizo ndo zinatoa namba ya kompyuta yenye websaiti, na zikiulizwa habari za imeili zinasema barua zipelekwe wapi. Ni kama mgeni akitafuta boma, anauliza Kenya, alafu Kisumu, alafu Dunga, alafu kwa nani. Ndo maana ukihamisha websaiti kwenda hostingi nyingine wateja hawajui, umebadilisha tu maelekezo ya mwisho. Inaweza kuchukua saa kadhaa kusambaa, wakati mwingine ata siku mbili, usianze kumtukana fundi mapema.

.ke yote inasimamiwa na KENIC, na huendi kwao moja kwa moja, unanunua kupitia registra, yaani kampuni zilizoidhinishwa kuuza. Orodha iko kwa websaiti ya KENIC. .com inaendeshwa na Verisign ya Marekani, na juu ya wote kuna ICANN, iliyoanzishwa 1998, ndo wanaratibu mambo ya hizi herufi za mwisho duniani.

Watu hunisumbua sana na hii, .com ama .co.ke? Maoni yangu, kama wateja wako wako Kenya chukua .co.ke, inasema wewe ni nani bila kueleza, na bei iko kwa elfu moja hivi kwa mwaka, inategemea registra. Lakini vidole vya watu vimezoea .com, imekuwepo tangu 1985, kwa hivyo kama .com ya hilo jina iko wazi chukua pia uielekeze palepale. Kama .com iko na mtu anayeuza kitu kama chako, ata kama yuko Nairobi na wewe uko Busia, achana na hilo jina kabisa, utakua unamtangazia yeye. Kama .com iko na fundi wa magari huko Brazil, hiyo si vita yako, endelea.

Kuna mtego mmoja wa .co.ke ambao sioni watu wakiongea. Mtu akisahau .ke mwishoni anabaki na .co, na .co si kosa la kuandika, ni Colombia! Ni anwani halali kabisa, na inaweza kua na mwenyewe. Vilevile .tv ni ya Tuvalu, .ai ya kisiwa kinaitwa Anguilla, .io ya visiwa vya Chagos kwenye Bahari ya Hindi. Zinapendeza, lakini bei na masharti yanaamuliwa huko. Hizi mpya mpya za bei ya peremende mwaka wa kwanza, uliza bei ya mwaka wa pili kabla utoe pesa, hapo ndo utaona meno. Na matapeli huzipenda kwa huo urahisi wake, kwa hivyo imeili yako inaweza kuangaliwa vibaya bure. .or.ke ni ya mashirika yasiyo ya faida, .sc.ke ya shule, .ac.ke ya vyuo, .go.ke ya serikali, hizo za mwisho zina makaratasi yake, usihangaike nazo kwa biashara.

Kuangalia kama jina liko wazi, usifungue tu kwa simu ukaona hakuna kitu ukashangilia. Domeini inaweza kua na mwenyewe na haina websaiti, sanduku la posta lisilo na barua bado lina mtu. Tafuta kwa ukurasa wa registra ama kwa huduma inayoitwa WHOIS. Ukipata liko wazi, pita pia kwa Wayback Machine ya archive.org uone kama liliwahi kutumiwa na nani, juu kuna majina yalikua ya kamari ama ya picha za uchi yakaachwa, na wewe hutaki kurithi hiyo historia. Angalia Facebook, Instagram na TikTok kama unaweza kupata jina lilelile.

Na hapa watu huchanganya mambo matatu. Kusajili jina la biashara kupitia eCitizen hakukupi domeini. Kununua domeini hakukupi jina la biashara. Na vyote viwili havikupi alama ya biashara, hiyo iko KIPI, ofisi ya serikali inayosajili alama hizo, na ukisajiliwa inakulinda miaka 10 kabla ya kuifufua tena. Unaweza kua na domeini umelipia vizuri na mwenye alama akakushtaki. Kuna mzee Marekani alikua anaitwa Uzi Nissan, jina la baba yake, akachukua nissan.com mwaka 1994 kwa biashara yake ya kompyuta, 1999 kampuni ya magari ikamfungulia kesi. Domeini ilibaki kwake, ndio, lakini baada ya miaka ya mahakama na pesa nyingi za mawakili. Sasa yeye ni jina lake la kweli. Wewe unayetaka kuweka jina la kampuni ya simu ndani ya domeini yako ya kuuza vocha, utajitetea na nini?

Nakuja kwa ile iliyoniuma mwenyewe. Kabla ya saiba nilikua nauza vitabu vya shule vilivyotumika, nikampa fundi mmoja kijana pesa anitengenezee websaiti na kila kitu. Akanitengenezea vizuri, sina ubaya na kazi yake. Sikuuliza amesajili kwa jina la nani. Alisajili kwa akaunti yake, imeili yake, simu yake, kama vile angekodisha sanduku la posta kwa kitambulisho chake alafu akanipa mi ufunguo mmoja. Mwaka uliofuata akapata kazi Uarabuni, laini ikazima. Barua za kukumbusha kulipa zilikua zinaenda kwake. Mi nilijua siku mzazi mmoja alinipigia akaniuliza, "Kwani mwalimu sai umeingilia kamari?" Nikafungua, kumbe kuna mtu amechukua jina baada ya kuisha, ameweka gurudumu linazunguka na maandishi ya lugha nisiyoijua. Nilikua nimechapisha stika na kuchora jina kwa ukuta wa duka. Ule ukuta nilipaka rangi mwenyewe Jumapili, mara mbili, na jina likazidi kuonekana chini.

Kwa registra nilipiga simu, wakaniuliza swali moja tu, wewe ni nani kwa hii akaunti? Na jibu lilikua mi si mtu.

Kwa hivyo fundi akikusajilia, wewe ukae hapo kando. Akaunti ifunguliwe kwa imeili yako, pasiwadi uijue wewe, na pale panapoandikwa mwenye domeini pawe na jina lako ama la kampuni yako. Yeye mpe ruhusa ya kuingia afanye kazi, akimaliza badilisha pasiwadi bila kuona haya. Ukitaka kuhama registra kuna msimbo wa siri (code) wa kuhamisha, unauomba kwa unayemwacha unampa unayeenda kwake, na kwa .com kwa kawaida siku 60 za kwanza baada ya kusajili huwezi kuhama. Mtu akikataa kukupa huo msimbo na akaunti ni yako, una pa kulalamika. Kama akaunti ni yake, unambembeleza.

Jambo lingine dogo ambalo limemaliza watu, usiweke imeili ya domeini hiyohiyo kama anwani ya kupokea vikumbusho. Domeini ikiisha, imeili nayo imekufa, alafu barua ya kukuambia imeisha itakufikiaje? Weka Gmail yako ileile waliyoidharau hotelini.

Kusahau kulipa si ujinga wa wadogo peke yao. Krismasi ya 1999 Microsoft walisahau kulipia passport.com, iliyotumika kuingilia imeili yao ya Hotmail, dola 35 tu, watu wa Hotmail wakashindwa kuingia, mpaka programa mmoja anaitwa Michael Chaney akatoa kadi yake akawalipia. Wewe hakuna Chaney wako. Kwa .com ikiisha registra anaweza kukushikia hadi siku 45, alafu kuna siku 30 za kuikomboa kwa faini ambayo inauma, alafu siku 5 za mwisho, kisha inaachiliwa na kuna kompyuta zinakaa macho zikingoja hiyo sekunde. Lipa miaka miwili mitatu kwa mara moja kama unaweza.

Dada naye alikaa siku tatu akitafuta jina lingine. Alikuja na OmenaKisumu, nikamuuliza na ule mchele wa Ahero unaotaka kuanza kuuza mwaka ujao utauweka wapi, na ukifungua Kakamega watu wa huko watasema nini. Akaenda akarudi na Mtumbwi, mama akaandika "tumbi". Ya nne ilikua kasia na neno lingine fupi. Kasia, lile la kupigia maji. Tukampigia mama, akaandika sawa. Kijana wa boda, sawa. Binamu, sawa na nafasi katikati, lakini huyo ndo kawaida yake. Mzee wa Nakuru akaandika sawa akauliza kama samaki wamefika.

Tulilipa usiku huohuo, .co.ke na .com, akaunti kwa jina lake, miaka miwili. Hilo neno la pili amenikataza kuliandika popote mpaka amalizane na KIPI, na ameniangalia nikiandika hii yote mpaka hapa.